Nguo ya Maskini

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali. Huko nguo si pambo. Ni afya ya mtoto.

Twawasifu wanaokusanya nguo kwa ajili ya jamaa maskini. Lakini twatoa nini? Atoaye shati bovu, asilothubutu kulivaa mwenyewe, hakutoa sadaka. Amepunguza takataka nyumbani mwake. Yasimuliwa kwamba Mtakatifu Martino, askari wa karne ya 4, alilikata vazi lake mwenyewe huko Amiens, Ufaransa, akampa maskini nusu. Naye akaionja baridi ile ile.

Tena, twatoaje? Kumwita mama mbele ya umati apokee gauni la mwanawe ni kumvika mtoto na kumvua mama heshima. Wengine husema mwombaji hachagui. Kwa nini asichague? Umaskini haukumwondolea utu. Basi, wasomaji wapenzi, tutoe nguo nzima, iliyofuliwa, tena kwa siri. Naye apokeaye aichague imfaayo.