Kuficha Si Kukana: Mulan, Liyongo na Swali la Asili

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeisoma tangu sekondari, tukaiandikia insha, na aghalabu tukaikubali bila kuihoji. Lakini methali yenyewe haielezi kuacha asili ni kufanya nini hasa. Je, mtu anayeficha jina lake ili aishi ameiacha asili yake? Na mwanamke anayevaa mavazi ya kiume ili aende vitani badala ya baba yake, naye amejikana? Katika insha hii nitayajadili maswali hayo kwa kutumia ngano mbili, moja ya China na nyingine ya pwani ya Afrika Mashariki, kisha nitayaleta hapa Uganda, kwa watu wangu Wanubi. Hoja yangu ni kwamba kuficha na kukana ni vitendo viwili tofauti, na kwamba ushujaa wa mtu hupimwa kwa tofauti hiyo.

Tuanze na Mulan. Wengi wetu tulimjua kupitia filamu za Disney, ile ya katuni ya mwaka 1998 na ile ya waigizaji ya mwaka 2020. Chanzo chake ni cha zamani zaidi: shairi fupi la kisimulizi linalohusishwa na falme za kaskazini mwa China, kati ya karne ya 4 na ya 6. Katika shairi hilo Mulan yuko nyumbani anafuma. Orodha za wito wa jeshi zimefika, na katika kila orodha limo jina la baba yake. Baba ni mzee, na hana mtoto mkubwa wa kiume wa kumwakilisha. Mulan ananunua farasi, tandiko, hatamu na mjeledi, kila kimoja katika soko lake, halafu anaondoka. Vita vinapokwisha mtawala anataka kumpa cheo. Anakikataa, anaomba mnyama wa kumfikisha kwao tu. Huko nyumbani anavua mavazi ya vita, anavaa nguo zake za zamani na kutengeneza nywele. Anapotoka nje, askari wenzake wanapigwa na butwaa: wamekaa naye miaka 12 wasijue kuwa ni mwanamke.

Kinachonivutia katika shairi hili ni jambo lisilokuwemo. Hakuna mahali Mulan anapojiuliza yeye ni nani. Swali hilo wameliingiza watunzi wa baadaye. Katika filamu ya 1998 anajitazama na kuona kwamba sura yake haifanani na moyo wake. Katika ile ya 2020 uongo wake unamdhoofisha, na nguvu zake hazikamiliki mpaka ajifichue. Kwa filamu hizi, mtu hawezi kuwa shujaa kamili akiwa amejificha. Shairi lina mtazamo mwingine. Mulan anajificha miaka yote hiyo na bado anajijua, kwa sababu anajua amejificha kwa ajili ya nani na atarudi wapi. Kujikubali kwake hakuji mwisho wa safari kama tuzo. Alikuwa nako tangu alipoondoka, na ndiyo maana cheo hakikumbabaisha.

Katika majadiliano ya darasani, mwenzangu mmoja alipinga usomaji huu. Alisema kwamba ngano ya Mulan inawadhulumu wanawake, kwani inawaambia kwamba watasifiwa wakiigiza uanaume, kisha warudi jikoni. Nakubali kwamba pana dhuluma, lakini tuangalie ni ya nani. Sheria iliyowaita wanaume peke yao haikutungwa na Mulan. Kila mtu anapolazimika kujificha ili atende wema, kosa liko kwa jamii iliyomnyima njia ya wazi. Tena si kila anayejificha hupata marejeo mema. Katika riwaya moja ya Kichina ya karne ya 17, Mulan anarudi nyumbani na kukuta mtawala anamtaka awe suria, naye anajiua. Mtunzi huyo alielewa kwamba kujifichua kunahitaji mahali pa kupokelewa.

Sasa tugeukie pwani yetu. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni shujaa wa namna nyingine. Kila mtu anamjua, na umbo lake kubwa halifichiki. Anapofungwa na Sultani wa Pate, anamtumia mama yake ujumbe kupitia kijakazi Saada: aoke mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wanakula mikate mizuri, wanamwachia mfungwa ule wa wishwa kwa dharau. Kwa tupa hiyo Liyongo anakata pingu usiku, huku ngoma na nyimbo za gungu nje zikimeza sauti ya chuma. Hapa pia pana kuficha, na ni kuficha kwa mama. Tupa haikugeuka unga kwa kuwekwa ndani ya mkate. Ilibaki tupa, ikisubiri mkono wa mwenyewe.

Katika utendi huo huo yumo mtu anayekana. Ni mwana wa Liyongo. Anaahidiwa binti wa Sultani, naye kwa tamaa ya ndoa hiyo anamdadisi baba yake siri ya kifo chake, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Mwana huyu hakubadilisha mavazi wala jina. Aliingia kwa baba yake kwa sura yake halisi, akaitwa mwanangu, akaitika. Kama mwacha asili ni mtumwa, basi mtumwa wa ngano hii ni yeye, ingawa hakujificha hata siku moja. Na wale waliomwahidi ndoa hawakumheshimu baada ya kazi yao kwisha.

Niyalete haya nyumbani. Wanubi wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wazao wa askari wa Emin Pasha, ambao Frederick Lugard aliwachukua mwaka 1891 kutoka upande wa Ziwa Albert. Baadaye wengi walikaa Bombo, kaskazini mwa Kampala. Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, kuitwa Mnubi kulikuwa na faida, na watu wa asili nyingine walijiita Wanubi ili wapate kazi na ulinzi. Utawala huo ulipoanguka Aprili 1979, jina lile lile likawa hatari. Wengine walikimbilia Sudan na nchi nyingine. Wengine walibaki, wakabadilisha majina. Katiba ya mwaka 1995 iliwataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda, lakini kufikia hapo watoto wengi walikwisha kulelewa kwa majina ya kuazima.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa Kinubi tunamwita habuba, ni mmoja wa waliobaki. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza mikeka hapa Kampala kwa jina la Kiganda, na wateja wake walimwita Nnyabo wasijue zaidi. Jioni, mlango ukishafungwa, alizungumza Kinubi na wanawe, aliwapikia kisra, na aliwatajia majina ya babu zao mmoja mmoja. Nilipomuuliza kama aliona aibu, alinijibu, "Mjukuu wangu, jina lile lilikuwa mwavuli. Mvua ikiisha mtu hulali na mwavuli."

Mmoja wa wajomba zangu alilelewa chini ya mwavuli huo huo. Alisoma, akapata kazi nzuri, akaoa. Binti yake alipofanyiwa sherehe ya kwanjula, ambapo familia mbili hutambulishana hadharani, habuba alitambulishwa kwa wageni kuwa jirani mwema aliyesaidia kulea. Mwaka huo hakukuwa na askari wala kizuizi cha barabarani. Hakuna aliyekuwa akimwinda mjomba. Habuba alikaa kwenye hema la majirani, akala chakula alichopewa, akaondoka kabla ya zawadi kutolewa.

Kwa mifano hii naona vipimo vitatu vya kutenganisha kuficha na kukana. Cha kwanza ni sababu: mtu anajificha ili kulinda uhai, wake au wa wengine, au anajificha ili apande ngazi? Cha pili ni mlango: je, amebakiza mahali anapoitwa kwa jina lake na kuitika? Mulan alikuwa na nyumba ya wazazi wake, habuba alikuwa na chumba chake cha jioni. Cha tatu ni gharama: nani anailipa? Habuba aliilipa mwenyewe kwa kubeba jina lisilo lake. Mjomba alimlipisha mama yake, kama mwana wa Liyongo alivyomlipisha baba yake.

Msomaji anaweza kusema kwamba vipimo hivi ni vigumu kutumia, kwa kuwa mazoea yana taabu, na anayeficha kwa muda mrefu huishia kusahau. Ni kweli. Mjomba mwenyewe hakuanza kwa kukana. Alifundishwa kuficha akiwa mdogo, na pengine hakuna aliyemwambia kwamba mvua imeisha. Kwa hiyo simhukumu kuliko ninavyoihukumu nchi iliyomfanya mtoto ajifunze kuwa jina la mama yake linaua. Hata hivyo, yeye sasa ni mtu mzima, na habuba bado yu hai. Njia ya kwenda Bombo ni ya lami.

Methali nyingine husema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hutumika kuwasifu wanaojihifadhi. Nadhani inaacha kundi la tatu, la watu kama habuba, waliojihifadhi kwa ujasiri mkubwa na ambao kwao hakukwenda kicheko wala kilio, ila ukimya. Kwa kumalizia, sisi tunaosoma lugha na fasihi tuna kazi mbili juu yao. Ya kwanza ni kuwasikiliza wangali hai, kwa majina yao. Ya pili ni kuacha kuichapa kila familia kwa methali ya mwacha asili kabla hatujauliza ni nani aliyewafungia njia ya asili hiyo.