Asiye na Kazi Mbele za Mungu

Mimi ni katekista hapa Ruring'u, Nyeri, na swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa halikuhusu Utatu wala Ufufuo. Aliniuliza fundi wa kuchomelea vyuma. Ujana wake wote aliutumia kutengeneza meli kule Kisumu, kisha akapewa barua ya kupunguzwa, akarudi nyumbani watoto wangali shuleni. "Mwalimu," alisema, "Mungu aliniumba nifanye kazi. Sasa kazi sina. Mbele zake mimi ni nani?"

Kazi aliyoililia ilikuwa ya fahari. Feri za Uhuru na Umoja zilijengwa Uskoti, zikaletwa vipande vipande, na miaka ya 1960 mafundi wa Kisumu wakaziunganisha hadi zikaelea Ziwa Viktoria na mabehewa ya treni mgongoni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli na meli zake zikagawanywa kwa nchi tatu, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Baadaye Uhuru ilikaa zaidi ya miaka kumi bila safari, mpaka ilipokarabatiwa 2019. Katika hayo yote, ni kosa gani lililofanywa na mwenye kushika mashine ya kuchomelea?

Ndiyo maana sithubutu kumwambia aliyepunguzwa kwamba Mungu anamwadhibu au anamjaribu. Mipaka hufungwa na watu, na majina hukatwa ofisini na watu. Kumsingizia Mungu maamuzi hayo ni kulitaja jina lake bure.

Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Adamu akipewa bustani ailime kabla hajatenda dhambi. Basi kazi ni heshima. Lakini Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na Uungu wake haukupungua. Naye mtu alikuwa mfano wa Mungu kabla hajashika jembe. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi.

Jibu hilo ni la kweli, ila halinunui unga. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa mwezi mmoja kabla, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka 20 ni siku 300. Haki hiyo idaiwe yote. Hata hivyo, sheria inahesabu miaka iliyopita, na karo inadaiwa muhula ujao.

Hapo ndipo ninapokumbuka mfano wa shamba la mizabibu. Walikuwapo waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba akawapa dinari nzima, ujira wa siku. Tumezoea kuhubiri kwamba habari hii ni ya neema ya mbinguni. Mimi naiona pia kuwa habari ya chakula cha jioni: watoto wa aliyekosa kazi wana njaa ileile ya watoto wa aliyeipata.

Sisi wa Nyeri tunajua kuchanga. Tunachangia hospitali, harusi na matanga. Aliyerudi na barua tunamwonea haya, tunamwacha mpaka augue. Naziomba jumuiya ndogo ndogo zote: tumlipie karo ya muhula ujao, na mwenye karakana amtafutie kibarua. Tusimngoje awe marehemu ndipo tumchangie.