Mafuta yamepanda, na ahadi je?

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, madrasa yetu iliwahi kupewa madawati huko Buguruni. Siku ya Jumapili nikakubaliana na kijana mwenye kirikuu kwamba Alhamisi ayapeleke Mbagala kwa shilingi 25,000. Katikati ikaingia Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Bei ikapanda. Alhamisi kijana akaja, akapakia, hakusema neno. Tulipofika kwenye geti la madrasa akazima gari: "Ustadhi, mafuta yamepanda. Ni 35,000, la sivyo sishushi." Nikalipa, maana watoto walikuwa wanasubiri. Lakini nililipa kwa kinyongo.

Je, kijana yule alikosea kupandisha bei? Hapa tuwe waadilifu. Kupandisha bei peke yake si dhambi. Zama za Mtume (SAW) bei zilipanda mjini Madina, watu wakamwomba awapangie. Akakataa, akawaambia kuwa Allah ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala mali. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (RA). Basi mwenye bodaboda, bajaji au kirikuu ana haki ya kutaja bei mpya. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, petroli hapa Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Nani angeweza kumlazimisha abebe mizigo kwa bei ya zamani?

Kosa lake ni kwamba bei mpya aliitaja baada ya mapatano, tena mzigo wangu ukiwa mikononi mwake. Kukodi gari ni mkataba wa ijara, na Allah (SW) mwanzoni mwa Suratul Maida ametuamrisha kutimiza mikataba. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Iko wapi ridhaa ya mtu aliyebanwa getini? Angenipigia simu Jumatano usiku akaniomba nimuongeze, ningekuwa na hiari ya kukubali au kukataa, na kama ningeongeza ingekuwa ni ihsani.

La pili ni kiasi. Hata tukisema alitumia lita nne kwenda na kurudi, na kila lita imeongezeka shilingi 300, hiyo ni nyongeza ya shilingi 1,200. Yeye alidai 10,000. Mafuta ni sehemu tu ya gharama, wala hayajapandisha kila kitu ndani ya gari. Anayesema "ni mafuta" huku anajua kuwa sehemu kubwa ya nyongeza si ya mafuta, amechanganya biashara na uongo. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kudanganya, baraka hufutwa.

La tatu ndilo linalotusuta wengi. Miezi kadhaa baada ya kilele kile cha 2022 bei ya mafuta ilishuka. Ni wangapi walioshusha nauli zao? Suratul Mutaffifin inawaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kitimie, na wakitoa hupunguza. Mwenye kuifuata EWURA inapopanda na kuisahau inaposhuka, na aisome sura hii akijipima mwenyewe.

Lakini ndugu zangu, nisiwageuze madereva kuwa ndio wakosefu peke yao. Kijana yule mwanzo alisema 30,000. Mimi nikamkaba mpaka 25,000, nami najua hakuwa na kazi siku mbili na kwamba bosi anamsubiri na hesabu yake ya siku. Nilijiona mjanja. Mtume (SAW) amemuombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Mimi nilikuwa mwepesi wapi?

Nawe mwenye chombo, uliyekaa safu ya mbele msikitini: mafuta yamepanda, abiria wamepungua, hesabu yako iko pale pale. Umekodisha kwa halali, sikatai. Lakini shida yote ukimwachia kijana, naye atakwenda kumbana mteja getini. Kaeni muangalie upya hesabu hiyo.

Basi tufanyeje? Kwanza, bei itajwe kabla ya injini kuwaka. "Utanipa chochote" na "tutaelewana mbele ya safari" ndiyo mbegu ya ugomvi, kwani ujira hautakiwi uwe wa kubahatisha. Palipo na nauli inayojulikana, kama ya daladala, ada hiyo inatosha. Pili, mapatano ya muda mrefu, kama ya gari za wanafunzi, yafanywe ya mwezi mmoja mmoja. Mwezi ukiisha pande zote mbili zikae upya, bei ipande au ishuke kwa kuridhiana. Tatu, aliyeahidi kazi kisha akaona atapata hasara, aseme mapema, kabla hajapakia mzigo.

Yule kijana nilikuwa nikimuona katika darasa la baada ya Magharibi. Tangu siku ile hakuonekana tena. Shilingi 10,000 nimezisahau, lakini nafasi yake mkekani naiona kila jioni. Nimekwenda kijiweni kwao mara mbili kumtafuta, ili tusameheane kabla ya Siku ambayo madeni hayalipwi kwa fedha.

Allah atujaalie riziki ya halali na nyoyo nyepesi. Wabillahi tawfiq.