Kutojua kwa Kupenda

Ardhi itetemekapo, watu wengi husema ni mapenzi ya Mungu, nao huinamisha vichwa. Mara nyingi neno hilo lafaa. Tetemeko lililobomoa nyumba nyingi Bukoba tarehe 10 Septemba, 2016, lilitokana na nguvu za asili za ardhi, wala hapakuwa na mtu wa kuulizwa kwa nini. Lakini yako matetemeko ambayo chanzo chake ni kazi ya mikono ya wanadamu. Juu ya hayo yatupasa kuuliza: je, mtu ana hatia kwa madhara asiyoyajua? Twalileta swali hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu mambo yaliyotokea nchini Uholanzi yatusaidia kulijibu.

Mwaka 1959, karibu na kijiji cha Slochteren katika mkoa wa Groningen, iligunduliwa akiba ya gesi iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Uchimbaji ulianza mwaka 1963, na baada ya miaka michache karibu kila nyumba ya nchi ile ilipikia gesi, na kwa gesi ikapata joto wakati wa baridi. Katika muda wote wa kazi hiyo serikali ilipata zaidi ya yuro bilioni 360. Taifa zima lilifaidika.

Gesi haikai chini ya ardhi kama maji ndani ya pipa. Imo katika vitundu vidogo sana vya mwamba wa mchanga, kilomita 3 hivi kwenda chini, na kwa msukumo wake husaidia kubeba uzito wa miamba iliyo juu. Itolewapo, msukumo hupungua, nao mwamba hushindiliwa. Tena katika mwamba huo mna nyufa za kale zilizokuwa zimetulia. Upande mmoja wa ufa ukishuka kuliko wa pili, mkazo huzidi kukusanyika, hata siku moja pande hizo huteleza kwa ghafula na nyumba zilizo juu hutikisika. Matetemeko hayo si makubwa kwa kipimo, lakini kwa kuwa hayatoki mbali chini, hupasua kuta.

Walimu wa maadili katika Kanisa, akiwamo Mtakatifu Thomas wa Akwino, wamepambanua namna mbili za kutojua. Yuko asiyeweza kujua hata akijitahidi. Huyo hana hatia. Na yuko asiyetaka kujua, kwa maana akijua itambidi aache jambo alipendalo. Kutojua kwa namna hii ya pili hakumwondolei mtu hatia, bali kwaweza kuizidisha.

Waliotoboa kisima cha kwanza mwaka 1959 twaweza kuwahesabu katika kundi la kwanza. Lakini tarehe 26 Desemba, 1986, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, ardhi ilitetemeka mjini Assen, katika mkoa jirani wa Drenthe, ambako nako gesi ilikuwa ikichimbwa. Mwanajiografia mmoja, Meent van der Sluis, alisema waziwazi kwamba sababu ni gesi. Alidharauliwa. Ikapita miaka kadhaa, na mwaka 1993 ndipo uchunguzi rasmi ulipokiri kwamba uhusiano huo upo; hata hivyo watu walitulizwa kwamba madhara yatakuwa madogo.

Tarehe 16 Agosti, 2012, tetemeko la kipimo cha 3.6 lilitikisa kijiji cha Huizinge, kubwa kuliko yote yaliyotangulia mkoani humo. Januari 2013 wakaguzi wa migodi wa serikali walishauri uchimbaji upunguzwe upesi iwezekanavyo. Serikali ilijibu kwamba kwanza utafiti zaidi ufanywe. Na mwaka huohuo gesi iliyotolewa ilizidi ile ya mwaka uliotangulia. Utafiti ni jambo jema. Lakini anayeuliza huku mkono wake ukizidi kuchukua, hajauliza kwa moyo mnyofu.

Huenda mtu akatuambia kwamba nchi nzima ilihitaji moto, na kwamba huwezi kuzima majiko ya mamilioni kwa ajili ya kuta za vijiji vichache. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa mtawala hana budi kupima mambo mengi. Lakini manufaa ya wote si manufaa ya wengi baada ya kuwatoa wachache. Ikiwa wote wanaota moto, basi wote wachukue gharama yake. Huko Groningen ilikuwa kinyume: kwa miaka mingi mwenye nyumba ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba ufa wa ukuta wake umeletwa na gesi. Mpaka tarehe 31 Desemba, 2016, ndipo ilipoanza kutumika sheria iliyougeuza mzigo huo, mchimbaji akatakiwa yeye kuthibitisha kwamba hakuuleta. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo haki, nayo ingalifaa tangu mwanzo: mwenye kufaidika ndiye apaswaye kuonyesha kwamba hamdhuru jirani yake.

Februari 2023 kamati ya bunge la nchi ile ilitamka kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa kwa miaka mingi. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo uchimbaji ulikoma, na mwaka 2024 sheria ikaufunga moja kwa moja, ingawa gesi nyingi ingali chini.

Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za mfalme Ahabu. Alipoambiwa kwamba Naboti amekufa, hakuuliza amekufaje. Alishuka tu kwenda kulimiliki shamba la mizabibu. Nabii Eliya hakumhesabia kutouliza huko kuwa udhuru.

Nchini mwetu gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Hatusemi kwamba yaliyotokea Uholanzi yatatokea kwetu, kwa kuwa miamba haifanani. Twasema tu kwamba siku mwanakijiji yeyote atakapoleta lalamiko lake, asikilizwe mapema, wala asiambiwe kwamba hana elimu ya kujua.

Nasi majumbani mwetu tusijidhani kuwa mbali na shauri hili. Baba anunuaye bidhaa kwa bei ya ajabu bila kuuliza imetoka wapi, mama asiyeuliza mtumishi wake wa nyumbani amelala wapi na amekula nini, wote wamo katika hatari ileile. Wazazi wawafundishe watoto, pamoja na kutosema uongo, kutoogopa kuuliza. Na katika kuitafiti dhamiri kabla ya Kitubio, tusitafute tu mabaya tuliyoyatenda kwa kujua. Tutafute pia yale ambayo hatukutaka kuyajua.