Beit al-Hukm na Ushahidi wa Picha
Jumba la Beit al-Hukm, makazi ya wanawake wa ikulu ya Unguja, liliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia saa moja. Picha za kabla na baada ya siku hiyo, zikilinganishwa, huzusha swali la dhati, yaani kile kinachokifanya kitu kiwe hicho na si kingine: Beit al-Ajaib jirani yake, lililopoteza mnara uliosimama mbele yake na kuoteshwa mwingine usoni, huhesabiwa kuwa jumba lile lile, ilhali Beit al-Hukm, lisilobadilika kamwe pichani, halipo. Tena picha iliyopigwa kutoka baharini huonyesha kuta tu, wala si waliozifanya kuta hizo kuwa nyumba.