Mnara wa Siloe na Vilima vya Kalehe

Bwana wetu Yezu Kristu aliwauliza wasikilizaji wake juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloe: je, walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu? Yeye mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Kisha akawaonya wote watubu.

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vya Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mito ikafurika, matope na mawe vikaviangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena.

Mkristu asithubutu kusema kwamba marehemu hao walikuwa wabaya kuliko wenzao. Mama aliyekwenda sokoni na kikapu chake hakuhukumiwa na Mungu katika matope. Lakini neno la pili la Bwana, lile la kutubu, halikufutwa. Mvua ile ilikuwa nyingi mno, na huenda hata msitu usingaliizuia yote. Hata hivyo, mizizi hushika udongo, na majani huyapunguzia maji nguvu. Miti ikikatwa na kuchomwa makala, pasipandwe mingine, maji hukimbia mteremkoni pamoja na shamba lenyewe. Aliye juu hupata magunia yake. Aliye chini hupoteza nyumba. Amri ya saba yakataza wizi, na huu ni wizi, ijapokuwa hakuna mlango uliovunjwa. Anayenunua makala hayo Bukavu au Goma ana sehemu yake pia.

Wako wanaosema kwamba kosa ni la watoto, maana wamezidi. Ni kweli, Kongo sasa ina watu zaidi ya milioni 100, na majembe yamefika hata penye mteremko mkali. Lakini mtoto hana kosa la kuzaliwa. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba ni juu ya baba na mama kuamua idadi ya watoto wao, wakipima wajibu wao mbele ya Mungu, mbele ya watoto waliokwisha kuzaliwa na mbele ya jamii. Neno hilo ni zito kwa baba anayejisifia watoto kumi, naye hajawapandia hata mti mmoja.

Siku ya Ubatizo mkatekumeni ataulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Wengi hufikiri uchawi tu. Afikiri na shoka lake. Aiache miti ya kando ya mto. Alime matuta yanayokata mteremko, yasiyoshuka nao. Naye anayetaka kupanda miti katika mvua za mwezi wa tisa, atie mbegu kitaluni miezi kadhaa kabla.