Kichezeo Kikivunjika Hulipa Nani?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darsa: Je, yafaa watu wa mtaa wakusanye vitu vya kuchezea vya watoto, waviweke mahali pamoja kama viwekwavyo vitabu katika maktaba, kila mzazi aje amwazimie mwanawe kisha arudishe? Na kikivunjika, hulipa nani? Suala la kwanza ndilo lililozungumzwa sana. La pili limeonekana dogo, la kumalizwa na mwandishi wa daftari. Sisi twaona kinyume chake. La pili ndilo lililolibeba la kwanza.

Wako wasemao kwamba mchezo wote ni upuzi: mtoto akitoka skuli aende chuoni, akitoka chuoni adurusu, akimaliza alale. Maneno haya twayasikia barazani kila siku, na wayasemao ni watu wema wanaowatakia watoto wao kheri. Lakini Imam Ghazali katika Ihya yake ameeleza kwamba mtoto akishatoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, apumzike na taabu ya kusoma. Na kwamba kumzuia mchezo na kumlemeza masomo siku zote huufisha moyo wake na kumfundisha hila za kuikimbia elimu. Ghazali si mtu wa kudhaniwa kuwa alipenda upuzi.

Wala mchezo si mapumziko tu. Bibi Aisha r.a. alikuwa na wanasesere wake, na Mtume s.a.w. aliwaona wala hakumkataza. Abu Daud amepokea kwamba kati yao alimwona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza: farasi naye huwa na mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, waliosimuliwa kuwa na mbawa, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Na atazame msomaji yaliyomo humo. Mtoto amekisikia kisa, amekitafutia umbo kwa matambara, na alipoulizwa akakitolea hoja. Hiyo ni elimu iliyopita masikioni, ikashuka mikononi, ikarudi ulimini, na hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. (Ama wenye kuuliza hukumu ya masanamu, wengi katika wanazuoni wamevitoa vichezeo vya watoto katika katazo hilo kwa ajili ya hadithi kama hii, nasi hatuna haja ya kulirefusha.)

Kuazimana vichezeo si jambo lililozuka jana. Mwaka 1935, katika siku za dhiki kuu ya uchumi Marekani, ilionekana katika mji wa Los Angeles kwamba watoto walikuwa wakiiba vitu dukani kwa kuwa hawakuwa na cha kuchezea. Badala ya kuishia kwenye kuwaadhibu, walianzisha mpango wa kuazimisha vichezeo kama maktaba iazimishavyo vitabu. Katika mwaka 1963, mjini Stockholm, Karin Stensland Junker na Evy Blid, mama wawili waliokuwa na watoto wenye ulemavu, walifungua mahali palipoitwa Lekotek, mzazi apate kichezeo kimfaacho mwanawe na apate pia wa kumwonyesha namna ya kucheza naye. Mwaka 1967, Jill Norris, naye mama wa watoto wenye ulemavu, alifanya mfano wa hayo Uingereza. Twapenda msomaji aone kwamba mambo haya yalianza kwa mtoto aliyekosa: huyu kakosa pesa, yule kakosa nguvu za viungo. Hayakuanza kwa mtoto aliyejaaliwa.

Nasi hapa pwani si wageni wa fikra hiyo. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kukaanzishwa skuli za watoto wadogo zilizounganisha mafundisho ya dini na kujifunza kwa kucheza. Bi Swafiya Said na waalimu aliowafunza hawakungoja vichezeo vya meli. Walitumia vifuu, makombe ya pwani, mbegu na vifuniko vya chupa, na mtoto akajifunza kuhesabu na kupambanua kwa vitu avijuavyo. Mpango huo ukavuka hadi Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kabla ya hapo watoto wetu walikwisha kuunda tiara kwa karatasi na njukuti wakigandisha kwa wali, na magari ya bati na waya. Leo mtoto akilia hupewa simu anyamaze, na hilo wazazi walijua wenyewe.

Basi sisi tulijaribu. Tuliweka kabati katika chumba kilicho kando ya chuo cha mtaani, tukalijaza tulivyovipata: vibao vya herufi, maumbo ya mbao ya kupangwa, pia, wanasesere wawili, bao dogo na kete zake, na gari la bati lililotengenezwa vizuri. Fedha zilikuwa za sadaka, kwani zaka ina wenyewe waliotajwa, na kabati si mmoja wao. Tukaandika kanuni, na ya nne ikasema: Atakayevunja atalipa. Tuliona huo ndio uadilifu, na tuliridhika nafsi zetu.

Baada ya miezi mitatu tulifungua daftari. Walioazima walikuwa watoto wa wenye maduka na wa wenye mishahara, ambao majumbani mwao vichezeo havikosekani. Watoto wa wachukuzi, wa wavuvi, na wa mama wauzao mahamri hawakuonekana ila wachache. Mama mmoja katika hao alichukua gari la bati siku ya Ijumaa, akalirudisha Jumatatu, nalo lang'aa kama lilivyotoka. Tukamwuliza kama mwanawe alilipenda. Akasema: "Alilipenda, masheikh wangu, lakini nililiweka juu ya sanduku alitazame tu. Likivunjika nitatoa wapi?"

Tuliona haya. Kwa siku tatu mtoto yule alikaa na gari ndani ya nyumba asiliguse, na aliyemnyima si mamake. Ni kanuni yetu ya nne.

Ndipo tukarudi vitabuni. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kuazima hukidhamini alichoazima: kikiharibika kwa njia isiyokuwa ya matumizi aliyoruhusiwa, hulipa, hata kama hakuzembea. Ama kilichochakaa au kuharibika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, halipi. Mas-ala basi ni haya: matumizi ya kichezeo ni yapi? Sufuria ni ya kupikia, na shoka ni la kuchanjia kuni. Gari la mtoto wa miaka minne ni la kuburuzwa, kugongwa ukutani, kupakiwa mchanga, na kufunguliwa magurudumu lionekane limefungwaje. Mwenye kumwazimisha mtoto gari kwa sharti lisigongwe hakumwazimisha gari. Amemwazimisha picha ya gari.

Na iko njia iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kuvifanya vichezeo hivyo wakfu kwa watoto wa mtaa. Kwetu kitu kichukulikacho huwekwa wakfu maadamu chatumika na chenyewe chabaki, kama vilivyowekwa wakfu vitabu na silaha. Na anayetumia kitu cha wakfu, akiwa ni katika waliowekewa, mkono wake ni mkono wa amana: halipi ila akifanya uzembe au akivuka mpaka. Wanazuoni wamelitaja hilo kwa vitabu vya wakfu, nasi hatuoni kinachozuia liwe hivyo kwa pia na mwanasesere.

Watasema: asiyelipishwa atazoea uharibifu. Neno hili lina uzito, na hatulipuuzi. Lakini anayelipishwa ni nani? Mtoto hana senti. Hulipa babake, naye hujifunza kwamba vitu huvunjika na wakubwa hugombana. Kuna kuvunjika kwa mchezo, na kuna kuvunja kwa makusudi, na mwenye macho hupambanua. Tena Mtume s.a.w. alimkuta Abu Umair, mtoto mdogo, ana huzuni kwa kindege chake kilichokufa, kilichokuwa kipenzi chake cha kuchezea. Alimwita kwa jina la heshima la kikubwa, akamwuliza habari za kindege kile. Hakupita akasema ni kindege tu.

Linalotutisha zaidi ni Surat al-Maun, tunayoisoma katika sala zetu kwa kuwa ni fupi. Mwisho wake umewalaumu wenye kuzuia maun, na katika wafasiri wako waliosema, kama Ibn Mas'ud, kwamba ni vyombo vidogo ambavyo watu huazimana: ndoo, sufuria, shoka. Twajiuliza: yule anayeazimisha kwa sharti ambalo maskini hawezi kulitimiza, ametoa au amezuia?

Kanuni ya nne tumeifuta. Mahali pake tumeandika: Kilichovunjika kirudishwe pamoja na vipande vyake, na mtoto avilete mwenyewe. Mzee mmoja seremala hukaa nasi Jumamosi baada ya alasiri, na aliyevunja hukaa naye, ashike gundi na msumari mpaka kazi iishe. Si vyote vitengenezekavyo; mwanasesere mmoja tumemzika, na pia mbili zimepotelea mtaroni. Wako pia wawili watatu waliochukua wasirudishe kabisa, na juu ya hao bado hatujaafikiana: wengine wetu wataka waendewe nyumbani, wengine waona waachwe. Mama wa gari la bati alikuja tena, safari hii na watoto wa jirani wawili. Gari lenyewe sasa halina mlango, na magurudumu yake ya nyuma ni vifuniko vya chupa. Daftari laonyesha majina sita yanayolingojea.